Miaka minne kwenye chama cha walimu wa Kingereza na hakuna anayenijua, nitoke?

"Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha Kingereza sekondari ya kata huku Buhigwe, Kigoma, huu mwaka wa saba kazini. Miaka minne iliyopita nilijiunga na chama cha walimu wa Kingereza, ada natuma kila mwaka kwenye namba ya simu ya mtu, na kwenye grupu la WhatsApp nimo. Mwaka juzi niliandaa vikadi vya kuwavusha fomu wani kutoka Kiswahili kuingia Kingereza, kurasa 34, nikavituma kwenye grupu, watu wakaweka makofi basi. Mwaka jana nikajilipia nauli kwenda mkutano mkuu nikakuta mwalimu mmoja wa mjini anawasilisha vikadi vile vile, mpaka mfano wangu wa soko la Manyovu, huku mpakani na Burundi, umo, jina langu hamna. Jioni zikatolewa tuzo na yeye akapata. Nilirudi kimya. Sasa hivi grupu silifungui, hata kuandaa somo kwa moyo kama zamani nashindwa, mume wangu anasema niachane nao. Naomba unisaidie: shida ni Kingereza changu kina Kiha ndani? Vyeti vya chama vinasaidia kupanda daraja? Na nitoke au nibaki?"

Marahaba mwalimu mwenzangu, na pole. Ujumbe wako niliusoma asubuhi na chai, nikausoma tena jioni maana ulinikaa. Umeuliza maswali matatu ila mi naona kuna la nne hukuliandika, nalo ni hili: hivi kazi yangu ni nzuri kweli au nilikuwa najidanganya? Nianze nalo hilo. Mtu habebi kitu kibovu akasimama nacho mbele za watu. Na huyo alibeba kurasa 34 mpaka na soko la Manyovu lako akaliacha mlemle, yani hata kubadilisha mfano aweke soko la kwao aliona atavuruga. Mi miaka 26 nafundisha Kingereza na kufundisha walimu wa Kingereza hapa Tabora, nakwambia mfano ambao hata mwizi anaogopa kuugusa ni mfano uliokaa sawasawa.

Umefanya vizuri kutotaja jina la chama wala la huyo mwalimu, na mi sitakuuliza.

Haya, Kiha. Mi Mnyamwezi wa Uyui, r na l zimenitesa mpaka naingia chuo, tulikuwa na mkufunzi mmoja alikuwa ananisimamisha niseme "railway" na darasa zima limenyamaza linasubiri, na mi nikijua kabisa kitakachotoka. Kwa hiyo najua hiyo aibu inavyokaa kifuani. Ila wataalamu wa matamshi hili wameshalichambua. Mwaka 2000 Jennifer Jenkins wa Uingereza alichapisha kazi akiangalia watu wanaoongea Kingereza bila kuzaliwa nacho, wanapoelewana wao kwa wao, ni sauti gani zikikosewa kweli watu wanapotezana na ni zipi hazina neno. Ile "th" tunayowatesa nayo watoto, ndimi nje kama wanaangaliwa koo na daktari, akakuta haina shida kihivyo. Kinachopoteza maana ni vitu kama urefu wa irabu, "ship" na "sheep", au mtu kudondosha konsonanti mwanzoni mwa neno, "street" ikawa "steet", au kuweka mkazo kwenye neno ambalo silo. Hayo yanarekebishika kwa mazoezi, ukijirekodi kwenye simu. Lafudhi yenyewe iache, ni ya kwenu.

Na usidhani hili la lafudhi ni la kwetu Kigoma na Tabora tu. TESOL, chama kikubwa cha walimu wa Kingereza chenye makao Marekani, kilichoanzishwa 1966, wanachama wake waliokuwa hawakuzaliwa na Kingereza walikaa miaka na miaka wakijiona wageni ndani ya chama ambacho ada wanalipa. Mwaka 1996 kwenye mkutano wao Chicago, mwalimu mmoja anaitwa George Braine, mzaliwa wa Sri Lanka, aliandaa kikao wakaanza kulisema hadharani, na 1998 wakapata kikundi chao rasmi ndani ya chama. 2006 chama kikatoa tamko la kupinga ubaguzi kwa walimu wasiozaliwa na Kingereza, na mwaka huohuo urais ukashikwa na Jun Liu, mtu wa China. Ona miaka hiyo, toka kikao mpaka tamko ni miaka kumi. Na ona pia walianzaje, hawakutoka, wala hawakukaa kimya, walikaa chumba kimoja wakahesabiana wako wangapi. Hilo nitalirudia.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Sisemi hakuna watu wa kucheka lafudhi, wapo, wengine na vyeo wanavyo. Ila tuzo haikukupita kwa sababu ya Kiha. Ilikupita kwa sababu nyingine ya kijinga zaidi, nami naijua maana nimekaa kwenye hizo kamati.

Ni hivi. Ni usiku wa kuamkia siku ya kufunga, mko wanne kwenye chumba cha gesti, mmoja kajilaza kitandani na viatu, printa ya kuazima imeanza kutoa mistari, vyeti vimeshapigwa muhuri ila sehemu ya majina ni nukta tupu. Mwenyekiti anasema haya jamani nani na nani, mgeni rasmi kesho saa nne yuko hapa. Hapo hakuna anayefungua faili, na mara nyingi faili lenyewe hamna. Yanatajwa majina ya waliosimama mbele jana na juzi, ya aliyewapokea wageni stendi na gari lake, ya yule anayepiga picha na kuzirusha, na moja la kubalansi mikoa ili watu wa kanda fulani wasinune. Dakika ishirini mmemaliza. Wewe wa Buhigwe, uliyefika umechoka na safari ukakaa safu ya nyuma karibu na mlango, jina lako halikukataliwa, halikutajwa tu. Najua kwa aliyeumia ni yaleyale. Ila kwa kutafuta dawa si yaleyale hata kidogo, maana aliyekukataa unahitaji kumbadilisha moyo, ila aliyekusahau unahitaji kumwekea kitu cha kumkumbusha.

Na nikuungamie moja. Kuna mwaka kikundi chetu hapa tulifunga semina ya siku tatu. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Sikonge ndo aliyeandika ripoti zote kwa mkono, kagawa makundi, kahesabu nauli za watu mpaka senti ya mwisho, usiku anakata manila za kesho yake. Vyeti vya shukrani nilisoma mimi. Nikasoma majina tisa, la kwake halimo. Kosa nililiona nikiwa nimeshakaa chini, nikajisemea ntamwambia baadae. Yeye akapita meza kwa meza anakusanya maka peni zilizobaki, akazipanga kwenye boksi, akanikabidhi, akapanda gari la Sikonge. Kikao kilichofuata hakuja, na kilichofuata hakuja. Nilimfuata baada ya miezi mitano nikamkuta anasahihisha madaftari chini ya mwembe, akanipa kiti, akanipa maji, tukaongea mvua tukaongea bei ya tumbaku, nikaomba samahani. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama zile maka peni bado zinaandika. Mpaka leo hajarudi kwenye kikundi na sina wa kumlaumu.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, aliyeandika mwaka 1968 kuhusu tabia hii kwa wanasayansi, kwamba sifa huenda kwa aliye na sifa tayari, watu wawili wakifanya kazi moja, anayejulikana ndo anatajwa. Akaipa jina la Mathayo, kutokana na ule mstari wa Injili wa mwenye nacho ataongezewa. Sasa sikiliza kichekesho chake. Sehemu kubwa ya mahojiano aliyotumia ilikuwa ni kazi ya mtafiti mwenzake, mwanamke anaitwa Harriet Zuckerman, na makala ikatoka na jina la Merton peke yake. Miaka mitano baadae, 1973, akakiri mwenyewe kwa maandishi kwamba ilipaswa iwe na majina mawili. Mtu anaandika namna watu wanavyosahaulika, na hapohapo anasahau. Baadae walioana, ila hayo ya kwao.

Sasa tuje kwa huyo mwalimu wa mjini. Inawezekana kaiba kwa kujua, sitamtetea. Ila fikiria safari ya faili lako. Umelituma na jina "Vikadi Fomu Wani" na jina lako liko ukurasa wa kwanza tu, si ndiyo? Mtu akalidanlodi simu ikaliita DOC sijui nini WA0017. Akalituma kwa rafiki yake, yule akatoa ukurasa wa kwanza maana anataka kuprinti vikadi tu na wino ni ghali. Wa tatu akalipata kwenye flashi stafu. Likifika kwa huyo bwana au dada halina mwenyewe, ni "notisi za kwenye grupu". Alitakiwa aulize, hasa alipokuta Manyovu ambako pengine hajawahi kufika, hilo ni kosa lake. Ila kosa la kutouliza na kosa la kuiba huwezi kuyaanza kwa barua moja.

Kwa hiyo mwandikie yeye, inbox, siyo kwenye grupu, na siyo usiku. Nakuandikia ningeandika mimi: "Habari mwalimu, mimi ni fulani wa Buhigwe. Mwaka jana kwenye mkutano uliwasilisha vikadi vya fomu wani, niliviandaa mimi na nilivituma kwenye grupu tarehe fulani, nakuwekea na faili la mwanzo. Nimefurahi kuona vimekufaa. Naomba jina langu liongezwe kwenye nakala unayosambaza na kwenye ripoti ya mkutano. Pia ningependa kujua wanafunzi wako walikwama ukurasa gani." Hiyo sentensi ya mwisho usiitoe. Kama alivitumia kweli darasani atakuwa na jibu, na hapo unaweza hata kumpata mwenzako wa kazi. Kama hakuvitumia atababaika. Mpe wiki mbili. Asipojibu, barua hiyohiyo kwa katibu wa chama, umeambatanisha tarehe, unaomba kitu kimoja tu, ripoti irekebishwe. Usiombe tuzo irudishwe, utageuka habari ya mji na vikadi vitasahaulika. Kuna njia ya sheria pia, hakimiliki ipo kwa sheria ya 1999 na COSOTA, ile taasisi ya serikali ya hakimiliki, ndo wanaisimamia, ila kwa karatasi za darasani mi ningeiacha labda siku ukikuta vinauzwa.

Na kuanzia leo kila ukurasa, siyo wa kwanza tu, chini yake jina, shule, mwaka. Tuma pdf, ile ya word kaa nayo. Ni jambo dogo la dakika tano ambalo sijui kwa nini hatuwafundishi walimu chuoni.

Swali la vyeti na daraja nitalijibu haraka maana halina mengi. Havikupandishi. Walimu wengi wanachanganya, CWT, Chama cha Walimu Tanzania, ni chama cha wafanyakazi, kinakata asilimia 2 ya mshahara na kazi yake ni kukutetea kwa mwajiri. Chama cha somo ni cha hiari, hakina mkono kwa mwajiri wako. Kutoka daraja la mshahara TGTS D kwenda E ni miaka, utendaji na bajeti ya serikali, na wanaohusika na kupandisha ni TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu. Ila kazi iliyo nyuma ya cheti ina faida. Kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji kazi, unaweka majukumu yako na mkuu wako anathibitisha, sasa mle ukiandika "nimeandaa vikadi vya kuvusha fomu wani, kurasa 34, vimetumika madarasa kadhaa" na ushahidi upo, hiyo inasomeka kuliko cheti cha rangi cha kuhudhuria kilichobandikwa ukutani. Wengi tunakusanya vyeti kama vocha zilizokwisha.

Sasa kubaki na kutoka, hapa ndo nataka tukae.

Unasema uko ndani ya chama miaka minne. Mi ningesema umekuwa ndani ya grupu miaka minne, na ndani ya chama siku mbili tatu za mkutano. Kuna mtafiti anaitwa Jean Lave alikwenda Liberia kukaa na mafundi cherehani, aone mwanafunzi anakuwaje fundi pale ambapo hakuna darasa. Akakuta kijana anaanza na vitu vya mwisho vya nguo, kushikiza vifungo, kupinda, ndo anarudi kwenye kushona, na kukata kitambaa kunakuja mwisho maana ukikosea kukata umeshaharibu mali. Huyo kijana anajua alipo na mafundi wanajua alipo, kwa sababu wote wako pamoja, kazi ya kila mtu inaonekana ikiwa bado mkononi. Akipinda vizuri hapewi cheti, anapewa nguo nyingine ngumu zaidi. Huko ndo kutambuliwa. Nenda kwa fundi yeyote hapo Kasulu sokoni kaa nusu saa utaona.

Grupu la watu mia mbili na ushee halina kibaraza. Watu wanaona kazi yako ikiwa imeshaisha, tena kwa sekunde nne, kabla ya tangazo la msiba na stika ya asubuhi njema. Yale makofi hayakuwa uongo, ila aliyepiga makofi hakufungua faili. Ukitaka kujua kama kazi yako imetambuliwa usihesabu makofi, angalia kama kuna mtu aliyekuuliza swali. Mtu aliyevitumia vikadi vyako lazima angerudi na swali, kwamba hiki cha kumi na mbili mbona watoto wanajibu kwa Kiswahili, au mimi shuleni kwangu hawajawahi kuona mpaka, nitumie mfano gani badala ya Manyovu. Hukupata hata moja kwa mwaka mzima, na nadhani hilo limekuumiza kuliko tuzo, sema tuzo ndo ilikuwa na jukwaa.

Hilo swali utalipata kwa watu sita mpaka kumi, siyo mia mbili. Na huna haja ya kusajili chochote. Huu mpango wa MEWAKA, yani mafunzo endelevu ya walimu kazini, wa Taasisi ya Elimu tayari unataka kila shule iwe na Jumuiya ya Kujifunza, na shule za jirani zikutane kwa klasta. Najua shule nyingi ni karatasi tu, watu wanasaini mahudhurio wanaenda nyumbani, lakini mlango uko wazi na mkuu wako hawezi kukukatalia maana na yeye anaulizwa. Tafuta walimu wa Kingereza wa kata mbili tatu za jirani, Jumamosi moja kwa mwezi, saa mbili tu.

Nikupe cha kwetu. Tulianza saba, tukafika kumi na moja, tukashuka tukawa watano, tukapanda tena. Tunakaa shule moja hapa mjini chini ya mwembe, msimu wa maembe vikao vinarefuka vyenyewe. Mmoja analeta somo alilofundisha wiki hiyo, siyo mada ya semina, somo, na manila yake ikiwa na vumbi la chaki. Kuna kijana mmoja alileta past tense kwa ratiba ya treni. Kachora reli ya kati toka Dar mpaka Kigoma, kaweka stesheni, kila mwanafunzi ni abiria anasema alipanda wapi, alishuka wapi, alinunua nini dirishani, kuku Saranda, asali Tabora. Tukamshambulia kwa maswali, mwingine akasema wanangu hawajawahi kupanda treni ntaweka basi, mwingine akauliza vipi wale wanaosema "I was boarded". Mwezi uliofuata watano walikuwa wameshalifundisha kila mtu kivyake. Robo saa ya mwisho ndo sheria yetu pekee: kila mtu anasema mwezi huu ametumia nini cha nani, na katibu anaandika kwenye kaunta buku, tarehe, jina la aliyetumia, jina la mwenye nacho. Basi. Ile kaunta buku tuliianza baada ya yule mwalimu wa Sikonge. Siku hizi kukiwa na jambo la kupendekeza majina popote, hatuulizani nani na nani, tunafungua.

Tahadhari moja, msianze na posho. Hata ikitokea mfadhili wa soda na nauli mpokee mara mojamoja siyo kila kikao. Mwaka 1971 Edward Deci, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi mafumbo ya kupanga, wengine akawalipa, halafu akaacha kuwalipa. Waliolipwa hamu ikapungua hata ya kuyashika, ila waliosifiwa kwa maneno hamu haikupungua. We mwenyewe umeona semina zetu, siku posho inakata na mahudhurio yanakata siku hiyohiyo, na mada ilikuwa ileile.

Je chama kikubwa uache? Nitasema ukweli wangu, ukitoka leo hakuna atakayegundua, na hilo litakuumiza mara ya pili. Ukibaki kama ulivyokuwa, unalipa ada ya kujikera. Ningebaki mwaka mmoja kwa masharti yangu. Grupu liweke kimya, lifungue Jumapili. Usitume tena faili tupu, tuma na swali, "nimejaribu hivi nimekwama hapa, nani kajaribu tofauti". Mkutano ujao usiende kama mhudhuriaji, omba nafasi ya kuwasilisha, hata nusu saa, wewe na wenzako wawili wa klasta, majina matatu. Aliyesimama mbele anakumbukwa, nimeshakwambia usiku wa gesti ulivyo. Sipendi iwe hivyo ila ndivyo ilivyo kwa sasa. Na pendekeza kwa maandishi kwamba tuzo ziwe na fomu ya mapendekezo inayofungwa mwezi kabla ya mkutano, na kila wasilisho liseme vifaa vimetoka kwa nani. Wakikataa kwa hoja, sawa. Wakikucheka, toka na roho nyeupe, ada hiyo nunua manila.

Hilo la ada kwenye namba ya simu ya mtu linanisumbua kuliko yote uliyosema na wewe umelipitia juujuu. Omba risiti, omba katiba, omba taarifa ya mapato na matumizi, ni haki ya mwanachama wala siyo uchochezi. Chama cha hiari kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, vingi viko kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Mambo ya Ndani. Asiyeweza kukuonyesha hata namba ya usajili usimtumie tena.

Ukishakuwa na kazi ya mwaka mmoja yenye jina lako, angalia na nje. TESOL nimeitaja, na kuna IATEFL ya Uingereza iliyoanzishwa 1967, wote wana ruzuku za kuwasaidia walimu kuhudhuria mikutano yao. Ushindani ni mkali, fomu ni ndefu, na bando litaisha ukijaza. Usiifanye kuwa ndo tegemeo. Ila fomu za namna hiyo zinataka useme umefanya nini na kimetokea nini, na hapo kaunta buku yako itakusaidia.

Kuna kitu kimoja kwenye ujumbe wako ambacho mimi kwa maandishi sikiwezi. Umesema kuandaa somo kwa moyo kama zamani unashindwa. Kama ni hasira za mkutano zitaisha. Ila kama ni wiki nyingi sasa, usingizi haueleweki, darasani unaingia unahesabu dakika, hata mambo ya nyumbani hayakufurahishi, basi hilo siyo la chama na wala siyo la mimi, nenda hospitali ya wilaya uonane na daktari, mweleze hivihivi ulivyonieleza. Na mumeo aliposema uachane nao pengine alikuwa anaona hilo, muulize anaona nini. Kama kuna la mkuu wa shule kukubana kwa sababu ya safari ya mkutano, mwone afisa elimu taaluma wa halmashauri uso kwa uso, au mwakilishi wa CWT, usimalizane nalo kwenye simu.

Na siku ukipita Tabora, treni ya Kigoma inasimama hapa kutosha mtu kushuka akanywa chai, ulizia chuo cha ualimu watakuelekeza. Kabla ya hapo nitumie hivyo vikadi, nina wanachuo wanaenda BTP, mazoezi ya kufundisha, mwezi ujao na hawana cha kuanzia na fomu wani. Weka jina kila ukurasa kwanza ndo utume. Halafu niambie, mwanafunzi asiyejua Manyovu, kile kikadi cha soko unamwanzishaje?